Ulazaro

Kabiro, Kawangware
9 Februari 2025

Kwako Baba,

Salamu nyingi kutoka huku. Natumai u mzima, na joto hili la Februari halijakupika bado ndani ya kile chumba cha mabati. Mimi ni mzima. Kazi ya saluni inaendelea, ni vidole tu vinauma kwa kusuka.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu ambaye ungeweza kumfikia kwa boda boda kabla chai yako haijapoa. Ninaandika kwa sababu kwa mdomo siwezi kukushinda. Kila nikikupigia simu nikiwa na hasira, nakata simu nikiwa nacheka, na lile jambo lililonifanya nikupigie sijui hata limeenda wapi. Karatasi haina sauti yako. Kwa hivyo nakuomba unijibu kwa karatasi. Waya Filister huja soko la Kawangware kila wiki kuuza omena. Yeye ni dada yako, hatakataa kutubebea.

Jambo lenyewe ni hili. Alhamisi kijana mmoja wa boda aliingia hapa saluni akaanza kumwambia Tracy, msichana tunayesuka naye, kwamba tangu amwone hajala, hajalala, hata pikipiki inakataa kuwaka. Tracy hakuinua hata macho. Akamwambia, "Enda huko. Wacha kuniletea ulazaro."

Kitana kiliniponyoka. Nikamuuliza hilo neno ni la wapi.

"Ulazaro? Si ni zile maneno tamu-tamu, smooth, lakini ndani hakuna kitu. Kwani umekuwa wapi? Kila mtu anasema."

"Nani alilianzisha?"

"Aii, sasa neno huanzishwa na nani? Imetoka Kibera huko."

Baba, Tracy amezaliwa hapa Kabiro. Hajawahi kukanyaga Kibera, sembuse Kianda kwetu. Hajui kwamba kule kuna fundi wa viatu anayeitwa Lazarus Obonyo, na kwamba binti yake ndiye anayemkopesha rasta kila siku. Niliendelea kusuka, na kichwa cha yule mteja kilitoka kimeenda upande.

Ninataka kujua kama una habari kwamba jina lako limekuwa neno, na kwamba watu wasiokujua wanalitumia kumwambia mtu ni mwongo. Ninataka pia uniambie lilianzaje. Wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Ni mimi binti yako,
Aluoch


Kianda, Kibera
16 Februari 2025

Kwa Aluoch binti yangu, taa ya macho yangu, nyathina, mtoto wangu wa pekee,

Pokea salamu zinazotoka ndani kabisa ya moyo wa babako. Barua yako ilifika ikinuka omena na nikaibusu hivyo hivyo. Mimi ni mzima, ila sauti imekwama kidogo wiki hizi, ni vumbi tu la Kianda. Majirani wanakusalimu. Hata viatu hapa kibandani vinakusalimu, vile ambavyo wenyewe wamevisahau.

Sasa hilo neno. Kwanza niambie, ni baba wangapi unaowajua ambao jina lao linasemwa mpaka Kawangware? Kuna watu wamejenga magorofa na wakifa hakuna hata mbwa atakayeulizia. Mimi, mtu wa gundi na misumari, niko kwenye midomo ya wasichana warembo. Ungefurahi kidogo.

Ukitaka asili yake nitakupa. Unakumbuka jinsi ilivyo hapa mtu akifa. Mwili uko mochari, nyumbani ni Siaya, au Kitui, au Busia, na gari haliendi kwa maji. Kamati inakaa jioni nje ya nyumba ya marehemu, karai la michango limewekwa katikati kwenye kistuli. Watu wametoka kazi ya mjengo wamechoka, wanaliangalia karai na karai linawaangalia. Hapo ndipo wanasema, muiteni Lazaro. Nami nasimama, nasafisha koo, nawaambia huyu aliyelala alikuwa nani. Nikikaa chini, mama aliyekuja na nauli ya kesho ameitoa. Mwili unafika kwao, unazikwa na watu wake. Wazee wa kamati walikuwa wakisema, huyu tumempeleka nyumbani kwa ulazaro. Yaani kwa maneno yaliyonyooka. Ilikuwa sifa, Aluoch. Ni hawa vijana wameliharibu, jinsi wanavyoharibu kila kitu wakikiweka mdomoni.

Njoo Pasaka. Nitachinja kuku, na nitamwambia kabla sijamchinja kwamba ni kwa ajili yako, atakubali mwenyewe. Hata usipokuja, kiti chako hapa nyumbani hakikaliwi.

Ni mimi babako anayekupenda kuliko pumzi,
Lazarus Obonyo


Kabiro, Kawangware
2 Machi 2025

Kwako Baba,

Salamu. Natumai sauti imefunguka. Mimi sijambo.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, yule kuku alinimaliza. Mara ya pili nikachukua kalamu nyekundu. "Taa ya macho yangu" ulimwita mjane wa Mutiso seremala, siku ya karai lake. "Kiti chako hakikaliwi" uliwaambia watoto wa Sella, yule mama wa mboga, walipokuwa wanalia pale mlangoni. Umesahau kwamba ulikuwa unanibeba mgongoni ukienda kwenye hizo kamati. Maneno yako nimeyajua kabla sijajua kusoma. Sasa umeyatoa kwa matanga ya watu ukanitumia mimi, na mimi bado ninapumua.

Na asili ya neno nitakueleza mimi, kwa sababu nilikuwepo na wewe hukuwepo.

Tulipomzika Mama kule Siaya, ulisimama kando ya kaburi. Ukasema mlango wa Nereah haukuwa na komeo. Ukasema alikuwa akila mwisho. Ukasema mkono wake ulikuwa unatoa kabla mdomo wako haujaomba. Vijana wa Kianda waliokuja na basi walikuwa wamesimama nyuma yangu, na nikawasikia wakisema pamoja nawe, neno kwa neno, kwa sauti ya chini, vile watu hufuatisha sala kanisani. Walikuwa wameshayasikia kwa Sella. Walikuwa wameyasikia kwa Mutiso, ambaye mlango wake ulikuwa na kufuli tatu na kila mtu Kianda alijua hivyo.

Wewe ulibaki nyumbani kwa ajili ya wageni. Mimi nilirudi Nairobi na lile basi. Tulipopita Kisumu, Brandon wa kinyozi akasema, "Yaani hata bibi yake amempea zile za kila mtu. Wasee, huo sasa ni ulazaro." Basi zima likacheka. Walikuwa wamesahau kwamba nimekaa pale mbele. Mpaka Nakuru walikuwa wanalitumia. Mtu akiomba soda anaambiwa wacha ulazaro. Mimi niliangalia nje dirishani na sikulia, kwa sababu kama ningelia wangejua nimesikia, na wangeanza kunibembeleza.

Hapo ndipo lilipozaliwa, Baba. Si kwenye karai. Lilizaliwa juu ya mama yangu kabla udongo wake haujakauka. Ndiyo maana nilihama Kianda mwezi huo huo, na wewe ukawaambia watu kwamba nimepata kazi nzuri.

Sitaki kuku. Nataka kitu kimoja. Niandikie jambo moja kuhusu Mama ambalo hujawahi kulisema juu ya maiti mwingine yeyote. Moja tu. Likiwa la kweli nitakuja, hata kama ni kesho yake.

Ni mimi binti yako,
Aluoch


Kianda, Kibera
4 Mei 2025

Kwako Aluoch,

Salamu. Natumai u mzima na vidole vimepata nafuu. Mimi si mzima, lakini hilo nitalieleza mwishoni.

Nimekawia kukujibu na Filister amenitukana kila wiki kwa sababu hiyo. Si kwamba sikuandika. Nimekaa hapa kibandani na karatasi gotini tangu mvua zianze. Kila nikianza kuandika habari za mama yako, kalamu inaandika kwamba mlango wake haukuwa na komeo. Nachana. Naanza upya, inaandika alikuwa akila mwisho. Nachana tena. Nilidhani nimerogwa na mdomo wangu mwenyewe. Kisha nikajiuliza, haya maneno niliyatoa wapi?

Aluoch, mlango wetu haukuwa na komeo. Ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, watu walipokuwa wanafukuzana kwenye vichochoro, mama yako alichukua nyundo yangu ya viatu akaling'oa. Nikamgombeza, nikamwambia unatuua. Akasema mtu anayekimbia hana wakati wa kubisha hodi. Mama mmoja Mkamba aliingia na watoto wake, wakakaa nyuma ya pazia letu mpaka kukatulia. Na ni kweli alikuwa akila mwisho. Alikuwa anakwangua sufuria na kuniambia yeye hupenda ukoko. Ilinichukua miaka kujua kwamba hakuna mtu anayependa ukoko kila siku.

Mara ya kwanza kuitwa kusema kwenye karai, marehemu alikuwa mtu ambaye sikumjua hata vizuri. Kamati iliniita kwa sababu napenda kuongea nikishona viatu. Nilisimama sina kitu. Nikatafuta kichwani mtu mwema ninayemjua, nikampata mmoja tu, naye alikuwa nyumbani anamnyonyesha ndugu yako ambaye hakuishi. Nikamvua mama yako wema wake nikamvika yule marehemu. Karai likajaa. Wakaniita tena. Mutiso, Sella, wote hao niliwasafirisha kwa wema wa mama yako. Sikuwa na mwingine.

Siku yake ilipofika nilisimama na mali yake mwenyewe mkononi, na watu wakaiona mitumba. Unafikiri sikuwasikia wale vijana? Niliwasikia. Ningeweza kutunga mengine palepale, unanijua. Lakini yale yalikuwa yake, na sikutaka azikwe na ya kutunga. Kwa hivyo niliyasema mpaka mwisho. Katika matanga yote niliyosimama, ni siku ile peke yake ambayo sikumdanganya mtu, na ndiyo siku waliyonipa hilo neno.

Sasa habari yangu. Hii sauti iliyokwama haikuwa vumbi. Daktari ameona uvimbe kooni. Anataka kukata sanduku lote la sauti. Nitakuwa hai, anasema, ila sitaongea tena. Wamenipangia tarehe ishirini mwezi huu. Njoo kabla ya siku hiyo. Siombi unisamehe, hiyo tutaona baadaye. Ninataka tu tuongee wakati bado nina cha kuongelea.

Babako,
Lazarus


Kabiro, Kawangware
8 Mei 2025

Kwako Baba,

Salamu.

Barua yako ni nzuri. Ni nzuri kuliko yote uliyowahi kuyasema kwenye karai lolote. Nililia nikiwa nimeshika kichwa cha mteja, na Tracy ikabidi amalizie. Nilishika hata pochi niende stendi.

Halafu nikaogopa. Nilikuomba jambo moja ambalo hujawahi kulisema, na umenipa yale yale, umeyageuza tu upande wa ndani. Umeyageuza vizuri hivi kwamba sasa mwenye makosa ni mimi, na wale vijana, na basi zima, na wewe peke yako ndiye uliyemlilia Mama. Hivyo ndivyo karai hujaa. Mtu anatoa nauli ya kesho na anarudi nyumbani kwa miguu akishukuru. Nimeishi na wewe, Baba. Ninajua jinsi mtu anavyohisi.

Na sasa koo. Mwaka juzi ulisema presha inakuua. Nilikimbia na kandambili mpaka stendi ya Olympic nikakukuta unacheza drafti, ukaniambia kuniona ndiyo dawa. Mwaka jana macho yalikuwa yanapofuka, na nilipofika ukanisomea gazeti. Waya Filister ameleta hii barua akiwa na macho mekundu, anaapa kwa Mungu kwamba safari hii ni kweli. Nimemwambia hata yeye umempata, maskini, na miaka yote hiyo anakujua. Ameondoka bila kunywa chai.

Sitakuja. Siku utakaponiandikia barua isiyo na chumvi, nitaijua.

Aluoch


Kianda, Kibera
15 Juni 2025

Aluoch,

Salamu. Natumai u mzima.

Nilipasuliwa. Nimerudi nyumbani. Napumua kwa tundu lililoko shingoni. Filister ananipikia uji. Nikitaka kitu nagonga kikombe.

Jumapili na Jumatatu kabla ya siku yenyewe nilikungoja. Usijilaumu. Nilikuwa nimekudanganya mara mbili, hii ya tatu ungeijuaje.

Uliniuliza jambo la mama yako ambalo sijalisema juu ya mwingine. Ni hili. Hakupenda nikisema kwenye matanga. Nikisimama, yeye alikuwa anaondoka anaenda kuosha vyombo. Siku ile ya mwisho hospitali nilianza kumwambia mambo mazuri. Akaniwekea kidole mdomoni. Akasema, "Baba Aluoch, leo nyamaza tu." Sikunyamaza. Niliogopa nikinyamaza atakufa. Niliongea mpaka akalala, na hakuamka. Kwa hivyo sijui kama kuna kitu alitaka kusema. Sikumpa nafasi.

Nilipokuita uje sikuwa nimepanga maneno. Nilitaka nikuite jina, uitike. Basi.

Babako


Kabiro, Kawangware
17 Juni 2025

Kwako Baba,

Natumai umeamka salama na uji umepita.

Waya alinipa barua yako leo mchana saluni ikiwa imejaa. Hakuniambia neno, aliiweka tu kwenye meza ya mafuta akakaa. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika pale unaposema ulitaka kuniita, niliitika. Sikukusudia. Nilisema, "Eeh, Baba," kwa sauti, mpaka mteja akageuza kichwa na mstari wa nywele ukaharibika.

Tracy akaniuliza, "Unaongea na nani?"

Nikamwambia naongea na baba yangu, yuko Kianda, alikuwa ananiita.

"Sasa hapa atakusikia aje?" akasema. Hakuwa na nia mbaya. Waya Filister akafunika uso na leso.

Tangu nifike nyumbani nimekaa hapa kitandani napanga nitakachokuambia nikifika huko. Nimeandika kwamba nilikuwa kipofu. Nimeandika kwamba utakuwa sauti yangu na mimi niwe yako. Nikasoma, nikaona ni maneno matamu, yamenyooka, mtu angetoa nauli. Nimechana yote. Kumbe ni hivi inavyokuwa, Baba, mtu akiwa na kitu kikubwa na hana pa kukishikia. Nimekuelewa na umechelewa kueleweka, na mimi ndiye niliyekuchelewesha.

Nimetafuta kwenye simu kama nina sauti yako mahali. Hakuna. Wewe hukuwa mtu wa kutuma sauti, ulikuwa unapiga, na mimi nilikuwa nimekukataza kupiga.

Nitakuambia tu kile ambacho ni kweli. Barua yako ya Mei naiamini. Niliiamini hata siku ile, ndiyo maana nilikasirika. Na usiku wa leo natamani simu ilie, iwe ni wewe, unidanganye kidogo.

Ninakuja kesho asubuhi na Waya. Nitakuita kutoka pale kwenye njia, ujue ni mimi.

Ni mimi binti yako,
Aluoch